Taarikh ya PLATO: Mashine ya Kufundishia na Jamaa Waliozaliwa Ndani Yake

Watu wengi wa zama hizi, wasikiapo habari za wanafunzi wanaoulizana masuala kwa njia ya kompyuta, au za walimu wa miji iliyo mbalimbali wanaoshauriana juu ya somo moja kana kwamba wamekaa katika baraza moja, hudhani kuwa mambo hayo yalianza pamoja na intaneti tuijuayo, ilhali asili yake ni ya mbali zaidi. Ilikuwa katika miji miwili iliyoshikana, Urbana na Champaign, katikati ya mashamba ya mahindi ya jimbo la Illinois nchini Marekani, ambako chuo kikuu cha jimbo hilo kilianza, mwaka 1960, kujenga mashine iliyokusudiwa kumfundisha mwanafunzi mmoja peke yake, na ambayo baada ya miaka kumi na mitatu, pasipo kukusudiwa na walioibuni, iligeuka kuwa makutano ya maelfu ya watu. Mashine hiyo iliitwa PLATO, na kisa chake chastahili kusimuliwa kwa utaratibu tangu mwanzo, kwani ndani yake yamo karibu masuala yote ambayo walimu wetu wanaulizana leo.

Chanzo cha kazi hiyo kilikuwa hofu. Tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik, chombo cha kwanza cha mkono wa binadamu kuizunguka dunia, na Wamarekani, waliokuwa wamezoea kujiona mbele katika kila ilimu, wakaanza kuulizana kama shule zao hazikuwa zimelala. Mwaka uliofuata bunge lao likapitisha sheria ya kutumia fedha za serikali kuu katika mafundisho ya hisabati, sayansi na lugha za kigeni, na sababu iliyotajwa ilikuwa ulinzi wa taifa. Mwaka huohuo wa 1958 B. F. Skinner, mwanazuoni wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Harvard, alitangaza makala mashuhuri juu ya mashine za kufundishia, akieleza vyombo ambavyo mwanafunzi huulizwa swali dogo, akajibu, akaonyeshwa papo hapo kama amepata au amekosa, kisha akapelekwa kwenye swali la pili, kila mmoja kwa mwendo wake mwenyewe. Fikra hiyo iliwavutia wengi, kwa kuwa ilionekana kuondoa dhiki ya tangu zamani ya darasa lolote, ambamo mwalimu mmoja hana budi kuwangojea wazito na kuwazuia wepesi.

Katika chuo cha Illinois palikuwapo ILLIAC, kompyuta iliyoanza kazi mwaka 1952, yenye uzito wa tani 5 hivi na taa 2,800 za vioo za aina iliyotumika katika redio za siku zile. Daniel Alpert aliongoza pale maabara ya utafiti iliyokuwa imezaliwa na shughuli za kijeshi, na mwanafizikia mwenziwe, Chalmers Sherwin, ndiye aliyeuliza kama mashine ile isingeweza kutumika kufundishia watu. Kamati ikakusanywa ya wahandisi, wanahisabati, wanasaikolojia na wataalamu wa elimu, nao wakajadiliana wasiafikiane hata juu ya namna ya kuanza, kila fani ikiliona jambo kwa jicho lake. Na Alpert alikuwa karibu kuandika taarifa ya kwamba shauri limeshindikana, alipomtajia habari ile Donald Bitzer, mhandisi wa miaka 26, ambaye alijibu kwamba yeye amekwisha kulifikiri jambo hilo na anaweza kutengeneza kielelezo. Bitzer akashirikiana na Peter Braunfeld, mwanahisabati, na Wayne Lichtenberger, mhandisi, na kabla ya mwaka 1960 kumalizika mashine ya kwanza ilikuwa imekwisha kufundisha.

Ilikuwa kitu duni kwa macho ya leo: kioo cha televisheni ya kawaida kwa ajili ya picha na maandishi, na safu ya vifungo vichache ambavyo mwanafunzi alivibonyeza kwenda mbele, kurudi nyuma, au kuomba jibu lake lihukumiwe. Lakini katika vifungo vile vilikuwamo viwili vinavyofichua niya ya waundaji. Kimoja kilikuwa cha kuomba msaada, ambacho mwanafunzi aliyekwama alikibonyeza ili apelekwe kwenye maelezo ya pembeni, yaliyopangwa hatua ndogondogo. Cha pili kiliandikwa kwa sauti ya mshangao ya mtu aliyefumbukiwa na jambo, nacho alikibonyeza pale alipoona kwamba ameelewa, ili arejeshwe kwenye swali lililomshinda bila ya kulazimishwa kuyamaliza maelezo yote. Msaada, basi, ulikuwamo tangu siku ya kwanza, ila ulikuwa ni msaada ulioandikwa kabla, na mtu aliyekwama kwa sababu ambayo mwandishi wa somo hakuidhania hakuwa na pa kukimbilia.

Mwaka 1961 mashine ya pili iliweza kuhudumia wanafunzi wawili kwa pamoja, na mnamo 1963 ikafuata ya tatu, iliyoendeshwa kwa kompyuta kubwa ambayo kampuni ya Control Data ya Minneapolis, chini ya William Norris, iliitoa bila ya malipo, na ambayo hatimaye ilihudumia vituo 20. Katika miaka hiyo Maryann Bitzer, mkewe Donald na muuguzi kwa kazi yake, aliwaandalia wanafunzi wa uuguzi wa Hospitali ya Mercy mjini Urbana masomo ambamo walitakiwa kumchunguza mgonjwa wa moyo aliyekuwa ndani ya mashine tu, wakiuliza wenyewe habari walizozihitaji na kuamua la kufanya, jambo lililokuwa mbali sana na visanduku vya Skinner, ambamo swali lilitoka kwa mashine na jibu kwa mwanafunzi siku zote.

Kikwazo kilichobaki kilikuwa kioo. Televisheni huisahau picha yake mara kwa mara na kulazimika kukumbushwa, na kumbukumbu ya kompyuta katika zama zile ilikuwa ghali mno, hata kituo kimoja cha mwanafunzi kikawa na gharama isiyoweza kubebwa na shule yoyote. Mwaka 1964 Bitzer, pamoja na Gene Slottow na mwanafunzi wao Robert Willson, wakavumbua kioo bapa kilichofungiwa gesi ya neon, ambacho kila nukta yake, ikisha kuwashwa, hubaki inawaka yenyewe mpaka izimwe, kwa rangi ya machungwa ambayo hakuna aliyeitumia PLATO akaisahau. Kioo hicho, ambacho kiwanda cha Owens-Illinois kilikitengeneza kwa nukta 512 kwenda juu na 512 kwenda pembeni, ndicho babu wa televisheni bapa zilizokuja kuuzwa duniani kote, na mwaka 2002 wavumbuzi wake walitunukiwa Emmy, tuzo ya ulimwengu wa televisheni, kwa kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya darasa.

Mwaka 1967 chuo kiliwapa watu wa PLATO maabara yao wenyewe, na mwaka huo Paul Tenczar, mwanafunzi wa elimu ya wanyama aliyechoshwa na ugumu wa kuandika masomo kwa lugha ya wahandisi, alibuni lugha nyepesi iitwayo TUTOR, ambayo mwalimu asiyejua undani wa kompyuta aliweza kujifunza na kuanza kuandika somo lake mwenyewe. Hapo ndipo mambo yalipobadilika, kwani tangu wakati huo masomo yaliacha kuwa mali ya mafundi, yakawa kazi ya wataalamu wa kemia, fizikia, lugha na hisabati za shule za msingi, watu wengi, wa mahali pengi, ambao kila mmoja alikuwa na swali la kumwuliza mwenziwe.

Serikali, kwa mkono wa taasisi yake ya taifa ya sayansi, ilitoa kiasi cha dola milioni 5 kwa jaribio kubwa, na mwaka 1972 mashine ya nne ikatoka: kioo cha machungwa, kibodi kamili, na mbele ya kioo wavu usioonekana wa miali ya mwanga, uliogawa uso wake katika mahali 256, hata mtoto asiyejua kupiga chapa akaweza kujibu kwa kuelekeza kidole. Vituo hivi viliunganishwa na kompyuta moja ya Urbana kwa nyaya za simu, na katikati ya muongo ule vilikuwa vimeenea katika mahali karibu 150, vyuo vikuu, vyuo vya jamii, shule za msingi na kambi za jeshi, na kila aliyekaa mbele ya kimoja alikuwa, kwa hakika, amekaa ndani ya mashine ileile pamoja na wengine wote.

Masomo yaliyoandikwa katika miaka hiyo yalikuwa ya kila daraja. Stanley Smith aliwafundisha wanafunzi wa kemia kupanga viungo vya majaribio bila ya kuvunja chupa hata moja. Wanafunzi wa biolojia walizalisha vizazi vya nzi wa matunda kwa dakika chache, ambavyo katika maabara vingehitaji majuma. Lakini yaliyosifiwa zaidi yalikuwa ya hisabati za watoto, yaliyotungwa na kundi la Robert Davis. Katika mojawapo, la Sharon Dugdale na David Kibbey, maputo yalikuwa yamefungwa katika mstari wa namba, na mtoto alipiga mshale kwa kutaja namba, kamili au sehemu, na akikosea mshale haukumkaripia, ulikwenda tu pale alipoutuma, naye akaona kwa macho yake kwamba robo tatu si pale alipodhani. Katika somo jingine la wawili hao mtoto alitakiwa kupaka rangi sehemu fulani ya kisanduku, tuseme theluthi mbili, kwa umbo lolote alilolipenda, na akisha kupata aliruhusiwa kuiweka picha yake katika maktaba ambamo wanafunzi wenziwe waliitazama. Na watoto, badala ya kukimbilia swali jingine, walishindana kubuni theluthi mbili ambayo hakuna aliyekwisha kuibuni. Kufikia hapo msaada wa kujifunza ulikuwa umeanza kutoka kwa mwanafunzi kwenda kwa mwanafunzi.

Hata hivyo, jamaa wa PLATO hasa walizaliwa kwa sababu ya makosa. Mfumo mpya ulikuwa na kasoro nyingi, na watu waliokutana nazo walikuwa wakiziandika katika jalada moja lililokuwa wazi kwa wote, wazi kiasi kwamba yeyote aliweza kufuta maneno ya mwenziwe, au kuandika kwa jina la mtu mwingine, au kulichafua jalada zima kwa mzaha. Katika kiangazi cha mwaka 1973 Tenczar alimtaka David Woolley, kijana wa miaka 17 aliyekuwa akifanya kazi pale maabarani, atengeneze njia iliyo bora. Woolley alifikiri kwamba taarifa ya kasoro bila ya jibu ni nusu ya kazi, kwa hiyo katika programu yake, iliyoitwa Notes, kila andiko lilipigwa lenyewe muhuri wa jina, tarehe na saa, halikuweza kubadilishwa na mkono mwingine, na chini yake yaliweza kuambatanishwa majibu hadi 63, yakifuatana kama walivyozungumza waliojibu. Sehemu tatu ziliwekwa: moja ya matangazo ya mfumo, moja ya kuomba msaada, na moja ya mambo ya watu wote.

Tangu Agosti ya mwaka huo, mwalimu aliyekwama katika kuandika somo lake, awe Urbana au mahali pengine popote penye kituo, aliuliza mbele ya hadhara na kujibiwa na yeyote aliyejua, na swali pamoja na jibu lake likabaki pale kwa faida ya atakayekwama kesho. Fauka ya hayo, katika majira ya kupukutika majani ya mwaka uleule, Doug Brown na Woolley walileta Talkomatic, ambamo watu kadhaa walizungumza kwa maandishi, herufi zikionekana moja moja kadiri zilivyopigwa, na kabla ya mwaka kwisha yeyote aliweza kumwita mwenziwe popote alipo wakazungumza chini ya kioo bila ya kuiacha kazi waliyokuwa nayo. Na akipenda, aliweza kumruhusu mwenziwe huyo aone kioo chake kilivyo, ili amwelekeze, mintarafu ya tatizo lenyewe, kana kwamba amesimama nyuma ya kiti chake. Mwaka 1974 zikaja barua za siri za mtu kwa mtu, na Januari 1976 kila kundi likapewa uwezo wa kuwa na jalada lake, na kuchagua ni nani aingie na nani asome tu. Kukawa na majalada ya fani na ya masomo, na kando yao ya vitabu, filamu, muziki na dini.

Si haki kumsimulia msomaji mema peke yake. Kijana aliyepewa kituo usiku kwa ajili ya masomo aghlabu alikutwa akipigana vita vya angani, kwani michezo ya watu wengi kwa pamoja, mathalani Empire ya mwaka 1973, ilistawi ndani ya PLATO kuliko mahali popote, na wasimamizi walilazimika kuiwekea saa zake ili isile nguvu za mashine zilizokusudiwa darasa. Walikuwapo waliotukanana, na walikuwapo ambao alama zao za mitihani zilishuka kwa sababu ya kukesha. Lakini ilikuwa dhahiri pia kwamba wengi wa vijana walewale, waliovutwa na michezo, ndio waliojifunza TUTOR kwa kuulizana, na ndio waliokuja kuwa mafundi wa mfumo wote.

Serikali, iliyotoa fedha, ilitaka kujua kama zimezaa matunda, na kazi ya kupima ikapewa Educational Testing Service, shirika la mitihani. Taarifa zake za mwaka 1977 na 1978 hazikumridhisha mshabiki wala mpinzani. Katika vyuo vya jamii, wanafunzi na walimu waliipenda PLATO, lakini mafanikio ya waliojifunza kwayo hayakuonyesha tofauti ya kudumu, ya juu wala ya chini, na ya waliofundishwa kwa njia ya kawaida. Katika shule za msingi, waliojifunza hisabati waliendelea kwa kiasi kilichoonekana wazi, ilhali katika kusoma hapakuonekana faida. Kompyuta ilikuwa ileile, kioo kilekile, nyaya zilezile. Kilichotofautiana kilikuwa ni somo na namna lilivyotungwa, na katika hisabati somo lilimpa mtoto jambo la kutenda na mwenzi wa kumwonyesha.

Norris wa Control Data alikuwa na matumaini makubwa kuliko taarifa hizo. Mtu huyu, ambaye ghasia za mitaa ya mafukara wa Minneapolis mwaka 1967 zilimfanya aamini kwamba kampuni kubwa yapasa kutafuta faida katika kutibu dhiki za umma, alichukua haki za kuiuza PLATO mwaka 1976 na kuitia fedha nyingi mno. Lakini kituo kimoja kilikuwa kimegharimu kiasi cha dola 12,000, na saa moja ya matumizi kampuni iliitoza dola 50, wakati Bitzer alikuwa ameota ya senti chache. Na kabla bei haijashuka, kompyuta ndogo za mezani, Apple II ya mwaka 1977 na ile ya IBM ya mwaka 1981, zilikuwa zimekwisha kuingia madarasani. Zilikuwa rahisi, nazo zilikuwa pweke: mtoto aliyekaa mbele yake alirudi pale alipokuwa mwanafunzi wa mwaka 1960, na mashine yake, bila ya mtu wa kuuliza, na ilichukua miaka kumi na zaidi kabla shule hazijaunganishwa tena. Norris aliacha uongozi mwaka 1986, jina la PLATO likauzwa mwaka 1989, na mwaka 1994 maabara ya Urbana ikafungwa, ingawa mfumo uliorithi kazi yake, NovaNET, uliendelea kufundisha hadi 2015.

Kilichosalia hakikusalia katika masomo. Ray Ozzie, Tim Halvorsen na Len Kawell, waliokuwa vijana wa maabara ile, walibeba fikra ya Notes na mwaka 1989 ikatoka Lotus Notes, programu iliyotumiwa na mamilioni ya watu katika maofisi ya dunia. Na kila mahali ambapo leo mtu huandika swali na wengine wakajibu chini yake kwa mfuatano, pana desturi ileile aliyoiweka kijana wa miaka 17 kwa ajili ya kuripoti kasoro. Bitzer mwenyewe, aliyehamia Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina mwaka 1989 na kuendelea kusomesha, alifariki Desemba 2024, akiwa na miaka 90.

Hukumu ya taarikh hii ni nyepesi kutamka na nzito kutekeleza. Fedha nyingi za PLATO zilikwenda katika vyombo, nazo zilileta vyombo vya ajabu. Lakini kilichomsaidia mwanafunzi pale kilipomsaidia kilikuwa ni somo lililotungwa na mwalimu anayeijua kazi yake, likasahihishwa mbele ya hadhara ya walimu wenziwe. Kenya ilipoanza mwaka 2016 kuwagawia watoto wa shule za msingi vishikwambi, na kila serikali ya kwetu inapotangaza mpango wa namna hiyo, swali la kwanza la gazeti huwa ni vifaa vingapi. Nawasihi walimu na wakubwa wa elimu waongeze mawili mengine, na wayaulize kabla sanduku la kwanza halijafunguliwa: mtoto akikwama atamwuliza nani, na mwalimu akiona kosa katika somo atamwandikia nani, na kwa muda gani atajibiwa? Walimu wengi tayari wana makundi yao katika simu zao, wanayoyaendesha kwa fedha zao wenyewe. Na wapewe, basi, wakati, heshima na malipo ya kazi hiyo, kwani ndiyo kazi iliyobaki hai Illinois baada ya mashine kuzimwa.